Siku Tatu Kavu za Unyevuni

Njia ya kwenda Unyevuni msiniulize. Nilifika, nikakaa siku kumi na moja, nikatoka. Mtu anayekusimulia vumbi la njiani ujue huko alikokwenda hakuona kitu. Mimi niliona.

Cha kwanza kukiona kilikuwa hiki: mvua inanyesha kubwa, ile ya kupiga mabati mpaka watu hamsikilizani, na watu wako nje wanamwagilia. Kila mmoja kashika kikombe. Wengine wana miavuli. Wanainama, wanamimina kikombe kimoja kwenye udongo ambao umeshakuwa tope, wanasubiri kidogo, wanaondoka.

Nikamfuata mmoja, mtu mzima, kofia imelowa mpaka imemfunika masikio.

"Mzee, samahani. Mvua hii huioni?"

"Naiona."

"Sasa unamwagilia nini?"

"Mvua haimjui mwenye shamba," akasema. "Mimi namjua."

Akakung'uta kikombe, akaniuliza nimefikia wapi. Nikamwambia popote. Akasema basi twende kwangu, vitanda ninavyo vingi kuliko watu. Ilikuwa kweli. Alikuwa fundi wa vitanda vya kamba, anaitwa Machano, na nyumba nzima ilijaa vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia.

Sheria zao nilizielewa polepole, kwa kuuliza sana. Kila mtu wa Unyevuni akishaota meno ya pili anapewa kishamba, hatua tatu kwa tatu. Ndani unapandwa mmea mmoja tu, unaitwa mcheko. Ukiumwagia maji majani yanajikunja, yanatoa sauti, ti-ti-ti-ti, kama mtoto mchanga anayetekenywa. Halafu basi. Hauliwi, hauuzwi, haufai hata kuni. Mbuzi wa kule wakiunusa wanageuza shingo.

Huruhusiwi kuumwagilia wa kwako. Unamwagiliwa na mwenzako wa maji, na wewe unammwagilia wake, kila siku, kikombe kimoja, kabla ngoma ya adhuhuri haijalia. Tena usimwagilie mwenyewe akiwa anakuona. Hiyo wanaiita aibu ya kikombe. Unakwenda hayupo, unamimina, unaondoka. Ngoma ikishalia mwenye kishamba anatoka, anatia kidole kwenye udongo. Akikuta unyevu, anajua kuna mtu alikuja. Anarudi ndani na shughuli zake. Nikiuliza faida yake nini, walikuwa wananitazama kama nimeuliza salamu inauzwa bei gani.

Pembeni ya kila kishamba pana kigingi chenye kamba. Karani wa Wizara ya Matone anapita alasiri. Akikuta udongo una maji anafunga fundo moja. Akikuta mkavu, anatoa kisu, anaikata kamba yote, unaanza upya. Mwenye mafundo mia anavaa kofia ya unyoya. Mwenye elfu moja anakalia kiti barazani, wengine wanasimama. Mwenye elfu tatu anatembea katikati ya barabara na mikokoteni inampisha. Wizara inauza pia vikombe vya kuchora, vya jogoo, vya tausi, vya jogoo na tausi wanatazamana. Watu wanajipanga toka alfajiri kuvinunua. Maji yanayotiwa humo ni yale yale.

Nilikwenda na mahakamani, nikakuta Kesi ya Umande ina mwaka wa kumi na moja. Wanabishana kwamba asubuhi udongo ukikutwa na umande, je, huo ni maji ya mwenzako au ni maji ya mtu asiyejulikana? Wakili mmoja alikuwa amezeekea humo humo ndani ya kesi. Aliniambia kwa fahari kwamba aliipokea kwa baba yake.

Machano alikuwa na mafundo elfu tatu mia mbili na kumi na moja. Karibu miaka tisa, bila siku hata moja kavu. Alikuwa anatembea katikati ya barabara, lakini taratibu, kichwa chini, kama anayeona haya kupishwa.

Mimi sijui kunyamaza. Siku ya nne, anasuka kitanda, nikamwambia, "Mzee wangu, miaka tisa unavuka daraja kila siku kwenda kuchekesha jani?"

"Si jani."

"Ni nini?"

"Ni Mize."

Akavuta kamba, akaifunga, akavuta nyingine. Nilidhani amemaliza.

"Mize ni binti yangu. Aliolewa Ng'ambo, na kijana mpasua mawe. Mimi sikumtaka yule kijana. Siku ya harusi nikasema mbele za watu, ukivuka lile daraja usirudi. Akavuka. Unajua mwanangu, maneno mengine ukishayasema yanakaa mlangoni kama mbwa, wewe mwenyewe uliyemfuga unaogopa kupita."

"Hamjaongea toka siku hiyo?"

"Hatujaongea. Lakini siku ya tatu nilitoka nje nikakuta udongo wangu umelowa. Hakuwa amevunja maji na mimi. Nikachukua kikombe, nikaenda kumwagilia wake. Toka siku hiyo yeye anakuja mimi sipo, mimi nakwenda yeye hayupo." Akacheka kidogo. "Mwaka juzi niliona kwenye tope nyayo zake, na nyingine ndogo pembeni. Ndivyo nilivyojua nina mjukuu. Keshaanza kutembea."

"Si uende ukamwone!"

"Nikagonge hodi niseme nini?" Akaniangalia. "Kwenu hamna hivi?"

Nikamwambia hamna. Nilimdanganya. Kwetu nawajua watu wazima, wana kazi zao na ndevu zao, wanaamka kabla ya adhana kulisha ng'ombe aliyemo ndani ya simu, eti wasipomlisha kuna mtu mji mwingine atakosa maziwa. Maziwa yenyewe hayapo. Nilikuwa nawacheka sana. Kwa hiyo Machano naye nilimcheka, ila kimoyomoyo, maana nilikuwa nalala kwake.

Siku ya sita kitanda cha mninga kilimwangukia mguuni. Mguu ukavimba mpaka kiatu kikawa hakina maana. Asubuhi akanijazia kikombe, kikombe cha bati tu, hakijachorwa kitu.

"Sheria inaruhusu mkono wa mgeni," akasema. "Utanivushia mpaka nipone. Kishamba cha saba kushoto, chenye kigingi cheupe. Umimine polepole, mcheko wake hauna haraka."

Nikaenda. Nakumbuka jua lilivyokuwa kali. Darajani nikakuta watu wamekaa wanabishana, na mimi ubishi ni kama harufu ya nyama kwangu, lazima nisimame. Walikuwa wanabishana kama mcheko unajua mkono wa nani umemimina. Mmoja mwenye kofia ya unyoya akasema maji ya mwenzako hayafanani na maji mengine, yana uzito wake.

"Maji ni maji," nikasema.

"Wewe mgeni, hujui."

"Nijue nini? Haya si maji?"

"Hayo si maji tena. Hayo ni ya mtu."

Wakacheka, na mimi kuchekwa siwezi. Nikainua kikombe mbele yao, nikayanywa yote, nikafuta mdomo. "Haya. Mbona hayana uzito?"

Hakuna aliyecheka tena. Kisima kilikuwa pale pale chini ya daraja, ningeweza kujaza upya. Lakini nilitaka kwanza nimalize ubishi, nishinde. Nilikuwa bado naongea ngoma ya adhuhuri ilipolia.

Nikarudi. Machano alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda.

"Mcheko ulicheka?" akaniuliza.

"Ulicheka."

"Ulicheka mrefu au mfupi?"

"Mrefu," nikasema.

Akafurahi. Mchana huo alinipa kichwa cha samaki, yeye akala mkia.

Kesho yake akanijazia tena, na safari hii nilikuwa nimeapa kupeleka. Darajani askari akanizuia kwa rungu. Kwenye ubao nyuma yake paliandikwa jina langu, na chini yake: mkono mkavu.

"Mkono mkavu hauvuki," akasema. "Siku tatu."

"Nimebeba maji, hebu tazama!"

"Maji yako mazuri. Mkono ndio mkavu."

Nilirudi na kikombe kimejaa vile vile, na hapo ndipo nilipoishiwa uongo. Nikamweleza yote, nimesimama, simwangalii. Nikasubiri matusi. Baba yangu mimi angekuwa ameshanyanyuka na kitu.

Machano akakitazama kile kikombe kilichojaa.

"Uliyanywa?"

"Niliyanywa."

"Jua lilikuwa kali jana," akasema. Halafu akasema, "Kwa hiyo jana Mize alitia kidole akakuta pakavu."

Afadhali angenitukana.

Ngoma ilipolia tukatoka wote nyuma ya nyumba. Akainama kwa shida, akatia kidole kwenye udongo wake. Akakitoa, akakitazama. Vumbi. Akatia tena mahali pengine, kama mtu aliyepoteza pete. Pakavu.

Alasiri akaja karani wa mtaa, Karani Vuai, mtu mwembamba mwenye daftari kubwa kuliko kifua chake. Akatazama udongo, akamtazama Machano, akatazama tena udongo, akitumaini pengine utabadilika. Kisha akatoa kisu. Ile kamba ilikuwa nene kama mkono wangu kwa mafundo. Ilimchukua muda kuikata.

"Nisamehe, Bwana Machano."

"Kata tu, Vuai. Ni kazi yako."

"Wote wawili sasa mna ukavu. Jana kwake, leo kwako. Kesho ikiwa kavu pia, zitakuwa siku tatu." Akafunika daftari. "Siku tatu kavu, Wizara inawatenganisha. Kila mmoja anapangiwa mwenzi mwingine, na hamtapangwa tena pamoja. Sheria hiyo unaijua."

"Naijua."

"Si umwambie binti yake ni mimi?" nikaingilia. "Wewe unavuka, mwambie mgeni aliyanywa!"

Karani Vuai akashtuka kama nimevua nguo. "Maji hayasemewi," akasema.

Maana yake ni hii: siku ikiwa kavu haielezwi kwa mdomo. Mtu yeyote akiweza kueleza, wanasema, kila mtu ataeleza, na hakuna atakayemwagilia. Nikasema nitakwenda mahakamani. Nikaenda saa ile ile.

Mahakama ya Ukavu ilinisikiliza kwa heshima zote. Niliwaambia kosa langu, mzee hana kosa, mwandikieni binti. Bi Hakimu akasema ulimi wa mgeni si ushahidi, udongo umeshasema. Nikamwambia udongo ni bubu, aliyekunywa ni mimi. Hapo wakili wa Kesi ya Umande akasimama, macho yanamng'aa, maana alikuwa hajapata kesi mpya toka ujana wake.

"Mheshimiwa, maji yalitoka kwa Machano. Hayakumwagika njiani. Yako ndani ya mgeni. Je, si kweli kwamba bado yako safarini?"

Baraza zima likanong'ona. Waliokalia viti wakasema hoja ina nguvu. Waliosimama wakasema kama ni hivyo basi mgeni apelekwe kishambani haraka, kabla hajajisaidia pengine. Mmoja akauliza kama jasho linahesabiwa. Walikwenda hivyo mpaka jua likapita dirisha la tatu. Mwisho Bi Hakimu akagonga meza, akasema maji yanaweza kuwa safarini lakini saa haiwezi, na saa ilipita. Wakili akaniomba radhi kwa machozi kabisa, akanikaribisha nijiunge na ile ya umande.

Niliporudi Machano alikuwa anasuka. Hakuniuliza matokeo.

"Kesho nitakubeba," nikasema.

"Wewe mkono wako umezuiwa."

"Basi utakwenda na fimbo."

"Kwa mguu huu nitafika keshokutwa." Akasuka kidogo. "Na nikifika? Pengine amechoka. Pengine alikuwa anatafuta sababu, jana akaipata. Acha, kijana. Miaka tisa si haba. Wako watu hawapati hata mwaka."

"Unaogopa," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Mimi ndo nimekosea, halafu wewe ndo unaogopa."

"Wewe umekosea jana," akasema. "Mimi nilikosea siku ya harusi."

Nilikwenda kulala nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Asubuhi nikamkuta ameshaamka. Mbele yake kuna mkanda mpana wa kamba, umesukwa kama wavu wa kitanda.

"Sheria imesema mkono," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeifikiria vizuri. Mgongo haikuutaja."

Ilikuwa mbeleko. Alikuwa amesuka mbeleko ya kumbebea mtu mzima. Nikainama, akapanda, akajifunga kwangu kifuani na kiunoni kwa mafundo ya kifundi. Kikombe cha bati akakishika mwenyewe, kimejaa. Tukatoka.

Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Na ukiwa huna mafundo huna barabara. Tulipita pembeni, kwenye mitaro, tukipisha kila mkokoteni. Watu waliomzoea katikati walikuwa wanageuza uso wasimwone. Kila nikijikwaa maji kidogo yananimwagikia shingoni.

"Taratibu," ananiambia sikioni. "Hapo ulipokanyaga umemwaga siku moja."

"Mzee, punguza kuongea, unazidi uzito."

Darajani yule askari akasimama. Akatuzunguka mara mbili.

"Nini hiki?"

"Ni mimi, Machano. Kikombe ninacho mwenyewe. Huyu ni mgongo tu."

"Mgongo una mikono."

"Haijabeba kitu," nikasema, nikainua yote miwili.

"Mikono mikavu haivuki. Hata mitupu."

"Sasa nikaikate?"

Akafikiri kweli. Nilimwona anafikiri, na kijasho kikanitoka. Akaingia kibandani kumuuliza mkubwa wake, mkubwa akatoka kutuangalia, wakarudi ndani, wakafungua vitabu. Jua linapanda. Machano mgongoni ametulia tuli, nasikia moyo wake unavyopiga kwenye mbavu zangu. Mwisho wakatoka na gunia. Wakanitia mikono yote miwili humo, wakaifunga kwa kamba mpaka viwiko, wakapiga muhuri wa nta. Mkubwa akasema kwa mujibu wa kitabu mikono hiyo imebaki upande huu. Nikapewa na hati, mikono miwili ya mgeni, imehifadhiwa. Machano ikabidi aishike kwa meno.

Tulikuwa katikati ya daraja ngoma ilipolia.

Nikasimama. Sikuweza kumwona uso, nilisikia tu pumzi inamkatika. Aliitema ile hati.

"Basi," akasema. "Turudi."

"Haturudi."

"Saa imepita, mwanangu. Nikimimina sasa haihesabiwi. Na atakuwa ametoka nje, ataniona. Ni aibu ya kikombe."

"Mimi ndo mwenye miguu," nikamwambia, nikaanza kwenda.

Kishamba cha saba kushoto, kigingi cheupe. Mcheko ulikuwa umelala chini, majani rangi ya ngozi ya kitunguu. Karani Vuai siku hiyo alikuwa amewahi, ameshafika na daftari. Na pembeni yake mwanamke amesimama, kanga moja kiunoni, mikono ina unga. Hakuna haja ya kuambiwa ni nani, alikuwa na paji la uso la Machano.

Alimwangalia baba yake. Akaniangalia mimi, na gunia langu, na ile mbeleko. Mimi mdomo ukanifunguka.

"Maji hayasemewi," Karani Vuai akaninong'oneza haraka.

Nikaufunga. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza maishani.

Machano alijifungua zile kamba, akateleza chini, akasimama kwa mguu mmoja, kanishika bega. Mbele ya macho ya Mize akanyoosha kikombe, akamimina. Palikuwa pamebaki pungufu ya nusu. Majani yakalowa, hayakufanya kitu. Hayakujikunja, hayakutoa sauti. Tukasubiri wote wanne, hayakutoa.

"Imepita saa," Karani Vuai akasema, kwa sauti ya mtu anayeumwa tumbo. "Naandika kavu. Siku ya tatu." Akaandika.

Machano akainamisha kichwa, kama anayekubaliana na bei. Akageuka, akanishika bega vizuri, anataka kupanda tuondoke. Na hapo ndipo Mize aliposema.

"Baba. Mguu umefanya nini?"

Yule mzee akakaa chini. Akakaa palepale kwenye udongo.

"Kitanda," akasema. "Kimeniangukia."

"Lini?"

"Siku nne leo."

"Na hukuukanda?"

"Nani wa kunikanda?"

Mize akaingia ndani. Nikafikiri basi, amekwenda. Akatoka na beseni la maji ya moto na kitambaa, akapiga magoti, akauchukua ule mguu akauweka mapajani mwake, kwenye unga wote ule. Akaanza kuukanda. Machano akauma meno.

"Nilidhani umekufa," Mize akasema, hamtazami. "Juzi nilipokuta pakavu. Halafu nikasikia darajani watu wanasema Machano mzima, ana mgeni. Nikasema basi, kachoka na mimi. Jana nikajaza kikombe hivyo hivyo. Nikafika mpaka darajani. Nikakimwaga, nikarudi."

"Ulifika mpaka darajani?"

"Nilifika."

"Tia chumvi kidogo kwenye hayo maji," Machano akasema. Sauti yake haikuwa nzuri.

"Nimeshatia. Bado unaniamrisha?"

"Sikuamrishi. Nakuomba."

Ndani mtoto akaita mama, mama, babu yule? Machano alinyoosha shingo kuelekea mlangoni na hakuirudisha tena.

Mimi nikawa natazama gunia langu. Nikafikiri mambo yameisha, na yameisha vizuri, na kama wangekuwa na akili wangeling'oa lile jani leo leo. Lakini Karani Vuai alikuwa hajaondoka. Alikuwa anafunua kurasa.

"Kuna wenzi wapya wa kuwapangia," akasema. "Samahani. Lazima iwe leo."

"Ya nini tena?" nikamwuliza Machano. "Si mnaongea sasa! Mdomo mnao, mguu anaukanda, jani la nini?"

Machano alimwuliza karani, "Nani amebaki hana mwenzi?"

"Yupo mwanamke Tanurini, mfinyanzi. Mwenzi wake alihama nchi. Toka hapo kamba yake haijapata hata fundo moja. Kila alasiri nikipita anakuwa ameshatoka nje, kidole kina vumbi, ananiuliza kama ngoma haikulia kabla ya wakati."

"Tanurini mbali," nikasema.

"Mbali," Machano akakubali. Akafikiri, mguu mapajani mwa binti yake, maji yanatiririka. "Lakini anatoka kila siku kuangalia. Nimwache anaangalia?"

Nikakaa chini, gunia mapajani.

"Na mimi nipangie," Mize akasema. "Yeyote."

Karani Vuai akalamba ncha ya kalamu. Akaandika jina la Machano, akaandika la mfinyanzi, akaandika la Mize, akanyoosha mstari. Kisha akasimama kidogo.

"Makazi ya mmwagiliaji," akasoma. "Bwana Machano niandike kule kule, kabla ya daraja?"

Machano akafungua mdomo. Mize akatangulia, bado anakanda, hajainua kichwa.

"Andika hapa. Mpaka mguu upone."

"Bi Mize, daftari halina nafasi ya mpaka. Ni kule, au ni hapa."

Mize akakamua kile kitambaa, taratibu, maji yote yakaisha.

"Basi andika hapa," akasema.

Akaandika.